Uvimbe umetolewa, mbona umerudi? Jinsi saratani kali ya ubongo inavyopenya

Kuna swali ambalo familia nyingi huliuliza kwenye korido za hospitali, na mara nyingi huliuliza kwa hasira. Mgonjwa alipasuliwa kichwa, daktari akatoka akasema operesheni imekwenda vyema na uvimbe umetolewa. Mgonjwa akarudi nyumbani, akala, akaongea, akaenda msikitini kwa miguu yake. Miezi michache baadaye maumivu ya kichwa yakarudi, mkono ukaanza kulegea, na picha mpya ikaonyesha uvimbe uko pale pale. Hapo ndipo maneno huanza. Wengine husema daktari alificha jambo. Wengine husema kuna mkono wa mtu. Wengine hujilaumu kwamba walichelewa, au kwamba wangempeleka India tangu mwanzo.

Ndugu msomaji, iko aina moja ya saratani ya ubongo ambayo hurudi hata pale daktari alipofanya kazi yake bila kasoro, kwa sababu ya tabia ya seli zake. Nimeona tabia hiyo inafaa kuelezwa kwa Kiswahili, polepole, kwani anayeielewa huamua mambo ya tiba na ya fedha tofauti na asiyeielewa.

Saratani hiyo inaitwa glioblastoma. Jina limetokana na glia, yaani seli zinazozihudumia seli za neva ndani ya ubongo: huzilisha, huzishikilia mahali pake, huzisafishia uchafu. Mjerumani Rudolf Virchow ndiye aliyezipa jina hilo katika karne ya 19, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya gundi, akidhani kazi yake ni kuugandisha ubongo tu. Mwaka 1926 Percival Bailey na Harvey Cushing wa Marekani walipoipanga mivimbe ya ubongo katika makundi, hii kali ikapata nafasi yake. Leo Shirika la Afya Duniani linaiweka daraja la 4, ambalo ni la juu kabisa kwa ukali.

Katika saratani zinazoanzia ndani ya ubongo wenyewe, hii ndiyo inayowapata watu wazima zaidi. Hata hivyo kwa hesabu ni ugonjwa wa nadra. Marekani huwapata watu 3 hivi katika kila 100,000 kwa mwaka, na zaidi ya nusu yao wamepita miaka 60. Seneta Edward Kennedy aligunduliwa nayo Mei 2008, akafariki Agosti 2009. Seneta John McCain aligunduliwa Julai 2017, akafariki Agosti 2018. Hawa hawakukosa daktari wala pesa.

Niseme mapema kwamba si kila uvimbe wa kichwani ni huu. Meninjioma, kwa mfano, huota kwenye ngozi inayoufunika ubongo, mara nyingi huusukuma tu bila kuuingia, na wengi hupona kabisa baada ya kutolewa. Saratani ya matiti au ya mapafu ikipanda kichwani huwa na mpaka unaoonekana vizuri zaidi. Kwa hivyo jirani aliyepona uvimbe wa kichwa si kipimo cha mgonjwa wako, mpaka ujue alikuwa na nini.

Mpaka wa kwenye picha

Mkulima yeyote wa Pwani anaijua ndago. Unapalilia asubuhi, shamba linabaki jeupe, unarudi nyumbani umefurahi. Chini ya udongo vimebaki viazi vyake vidogo vidogo vilivyounganishwa kwa nyuzi, na mvua moja ikinyesha inachomoza tena, nyingine hatua kadhaa kutoka ulipopalilia. Glioblastoma iko karibu sana na ndago. Ule uvimbe unaoonekana ni majani.

Mgonjwa akipigwa MRI hudungwa dawa inayoufanya uvimbe ung'ae kwenye picha. Dawa hiyo hutoka nje ya mishipa ya damu pale ambapo mishipa imeharibika na inavuja. Katikati ya uvimbe mishipa imeharibika, kwa hivyo panang'aa. Pembeni, mahali ambapo seli chache za saratani zimejipenyeza katikati ya seli nzima, mishipa bado ina ule ukuta wa kawaida unaoulinda ubongo dhidi ya vitu vilivyomo kwenye damu, na dawa haipiti. Picha basi huonyesha duara lenye mpaka, na mpaka huo ni wa dawa. Saratani imeshaupita. Ukuta huohuo ndio unaozizuia dawa nyingi za saratani zisizifikie seli zilizotangulia mbele.

Ndiyo maana ugonjwa unaporudi, katika visa 8 au 9 kati ya 10 hurudi ndani ya sentimita 2 hivi kutoka ukingo wa mahali palipopasuliwa. Daktari wa matiti au wa utumbo hukata uvimbe pamoja na nyama nzima ya pembeni ili awe na hakika. Ndani ya ubongo hakuna nyama ya kutupa. Sentimita moja yaweza kuwa ndiyo inayomwezesha mtu kusema jina la mwanawe au kushika kijiko.

Hata hivyo yuko aliyejaribu kukata kwa upana. Mwaka 1928 daktari mpasuaji Walter Dandy, wa Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alichapisha ripoti ya wagonjwa watano ambao aliwatoa nusu nzima ya ubongo, upande wa kulia. Walikuwa tayari wamepooza upande wa kushoto, kwa hivyo aliona hawana kikubwa cha kupoteza. Kwa upasuaji wa zama zile ilikuwa kazi ya kushangaza. Lakini kwa waliookoka operesheni, saratani ilirudi. Kama nusu ya ubongo haikutosha, basi tusimlaumu daktari wa leo kwa kutoikata sentimita moja zaidi.

Njia wanazopita

Aliyezichora njia za seli hizi vizuri zaidi alikuwa Hans Joachim Scherer, Mjerumani aliyefanya kazi Antwerp, Ubelgiji, katika miaka ya 1930. Alichunguza kwa hadubini bongo za watu waliokufa kwa ugonjwa huu, akaona kwamba seli hazitawanyiki ovyo. Zinafuata barabara ambazo ubongo wenyewe umezijenga. (Mtu huyu baadaye alirudi Ujerumani ya Hitler na akachunguza bongo za watoto waliouawa na utawala ule. Elimu aliyoiacha inatumika hadi leo, na doa hilo pia liko palepale.)

Njia ya kwanza ni kuambaa na ukuta wa nje wa mishipa ya damu. Saratani nyingi huingia ndani ya damu na kuchukuliwa hadi ini au mifupa. Hii hupita nje ya mshipa, kama mtu anayefuata bomba la maji bila kuingia ndani yake, na ni nadra sana kuikuta imetoka kichwani kwenda kiungo kingine.

Njia ya pili ni zile nyuzi ndefu za neva zinazounda sehemu nyeupe ya ubongo, na hii ndiyo inayoipeleka mbali. Nusu mbili za ubongo zimeunganishwa kwa daraja nene la nyuzi hizo, na seli zikilivuka, uvimbe huota pande zote mbili. Kwenye picha huonekana kama kipepeo aliyefungua mbawa, na madaktari huuita hivyo hivyo. Mbali na njia hizo mbili, seli nyingine husambaa chini ya utando mwembamba unaoufunika ubongo, na nyingine huzizingira seli za neva moja moja.

Seli inavyojipenyeza

Ubongo umejaa. Nafasi iliyo nje ya seli ni karibu asilimia 20 tu ya ukubwa wake wote, tena imegawanyika katika vichochoro vyembamba mno. Seli ya saratani hupitaje?

Kwanza hujing'oa kutoka kwa wenzake kwa kupunguza proteini zinazozishikamanisha. Kisha hunyoosha mkono mwembamba mbele, ukapapasa, ukashika. Kinachoshikwa ni ute uliomo kati ya seli, ambao ndani ya ubongo una asidi ya hayaluroni kwa wingi na kolajeni kidogo sana, tofauti na ngozi au misuli. Seli hizi zina vishikizo vya kuung'ang'ania ute huo, na zina vimeng'enya vya kuukatakata pale unapozuia njia. Zenyewe pia hutengeneza ute wa kuzifaa, kama anayetandika ubao mbele yake kwenye tope.

Kizuizi kikubwa zaidi ni kiini cha seli, kile kifuko chenye vinasaba. Wafikirie wale mahamali wa Mji wa Kale, Mombasa. Hamali mwenyewe ataupita uchochoro wowote, akijigeuza ubavu ikibidi. Shida ni mzigo. Sehemu nyingine za seli ni laini na hujibana, lakini kiini ni kikubwa na kigumu. Watafiti waligundua kwamba seli za glioblastoma hutumia proteini ya mayosini, ya jamii ileile inayokaza misuli yetu, kukisukuma kiini kutoka nyuma mpaka kipite kwenye nafasi iliyo ndogo kuliko chenyewe.

Lipo na jambo la maji. Seli hufungua vijilango vya chumvi, chumvi ikatoka na maji yakaifuata, nayo seli ikanywea ikawa nyembamba. Hapa anaingia nge. Nge mmoja wa majangwa ya Afrika Kaskazini na Uarabuni, ambaye jina lake la kisayansi ni Leiurus quinquestriatus, ana sumu yenye kitu kinachoitwa klorotoksini. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Alabama, Marekani, waliona kwamba klorotoksini hujishikiza kwenye seli za glioma na kuzipunguzia uwezo wa kupenya wakati wa majaribio ya maabara. Kutokana na hiyo wanasayansi wa Seattle wakatengeneza rangi ya kuifanya saratani ing'ae mbele ya macho ya mpasuaji. Subhanallah, sumu ya mdudu tunayemkimbia. Nawaomba tu msianze kutafuta nge: hiyo si dawa ya kunywa, na haijawa tiba ya kawaida hospitalini.

Tabia nyingine inayowasumbua madaktari ni kwamba seli iliyo safarini kwa kawaida huwa haizaani sana, na inayozaana huwa imetulia. Mionzi na dawa nyingi za saratani huua zaidi seli inapogawanyika. Iliyo safarini basi hunusurika, ikafika mbele, ikatulia, kisha ikaanza kuzaa.

Na nini huzifukuza kutoka kwao? Mara nyingi ni njaa. Uvimbe hukua haraka kuliko mishipa inayouletea damu, katikati pakakosa oksijeni na kufa. Seli zilizo kandokando ya sehemu iliyokufa huonekana zimejipanga safu, zikikimbilia nje. Kulikuwa na matumaini makubwa kwa bevacizumab, dawa inayozuia uvimbe usiote mishipa mipya ya damu. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba ugonjwa ulichelewa kuendelea, lakini maisha ya wagonjwa hayakurefuka.

Nyaya za Heidelberg

Haya yafuatayo ni mapya zaidi. Mwaka 2015 kundi la Frank Winkler, huko Heidelberg, Ujerumani, lilieleza kwamba seli za saratani hizi hutoa nyuzi nyembamba ndefu, nyingine zikizidi nusu milimita, ambazo kwa kipimo cha seli ni safari ndefu. Kwa nyuzi hizo huupenya ubongo, na pia huungana zenyewe kwa zenyewe kuwa mtandao. Seli zilizounganishwa hupelekeana ujumbe, hugawana mzigo wa madhara ya mionzi, na moja ikiharibiwa wenzake huziba pengo.

Mwaka 2019 Heidelberg na kundi la Michelle Monje wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa, kwa wakati mmoja, taarifa iliyowashtua wengi. Seli za neva za mgonjwa huungana na seli za saratani kwa viungio vilevile ambavyo neva huvitumia kuzungumza, na umeme wa neva huichochea saratani ikue. Mwaka 2022 watu wa Heidelberg wakaongeza kwamba zile seli zinazotangulia mbele kabisa, ambazo bado hazijaunganishwa na wenzake, hutembea kwa mwendo unaofanana na wa seli changa za neva wakati ubongo unajengeka. Kwa maneno mengine, saratani inatumia ramani ya mtoto tumboni. Winkler na Monje walipewa tuzo ya Brain Prize ya mwaka 2025 kwa kazi hii. Sasa dawa ya kifafa iitwayo perampanel, ambayo hupunguza mawasiliano ya aina hiyo kati ya neva, inajaribiwa Ujerumani kwa wagonjwa wa glioblastoma. Majibu yake tuyasubiri.

Tiba inayofuata tabia hiyo

Ukishajua haya, utaielewa tiba. Operesheni hutoa uvimbe unaoonekana, hupunguza shinikizo kichwani, na huwapa watu wa maabara kipande cha kuthibitisha ugonjwa. Mara nyingine mgonjwa huachwa macho, akaongea na kuhesabu wakati anapasuliwa, ili daktari ajue asipopaswa kugusa. Ipo pia dawa ya 5-ALA, ambayo mgonjwa huinywa saa chache kabla, na saratani ikang'aa rangi ya waridi chini ya taa ya buluu. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kwa dawa hiyo uvimbe unaoonekana kwenye picha ulitolewa wote kwa asilimia 65 ya wagonjwa, dhidi ya asilimia 36 bila hiyo. Uvimbe unaoonekana, nasisitiza.

Baada ya hapo huja mionzi, kwa kawaida siku 5 kwa wiki kwa wiki 6, nayo haielekezwi kwenye shimo pekee bali pamoja na ukanda wa pembeni, kwa sababu ndiko ndago ilikojificha. Pamoja nayo hutolewa vidonge vya temozolomidi, moja ya dawa chache zinazopenya ule ukuta wa ubongo. Katika utafiti mkubwa wa mwaka 2005 uliouweka utaratibu huu, nusu ya waliopata mionzi na vidonge walipita miezi 14.6, ilhali kwa waliopata mionzi pekee ilikuwa miezi 12.1. Waliofika miaka miwili walikuwa asilimia 26.5 dhidi ya asilimia 10.4. Nambari hizi ni chungu. Afadhali uzijue kabla ya kuuza ploti kuliko baada.

Maana harambee zetu nazo zina tatizo lake. Watu huchanga kwa matumaini kwamba daktari wa ng'ambo ataling'oa lote. Operesheni ya pili yaweza kumpa mgonjwa muda, hasa akiwa na nguvu na uvimbe uko mahali panapofikika. Lakini hakuna kisu cha Chennai wala cha London kinachoziona seli ambazo MRI haizioni. Mtu akienda, aende akijua ananunua nini.

Maswali ya kumwuliza daktari ni mepesi. Maabara imethibitisha ni aina gani na daraja la ngapi? Operesheni hii inakusudia kutoa kiasi gani, na mgonjwa anaweza kupoteza nini? Mionzi itaanza lini? Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu kwa kawaida mionzi hupangwa ndani ya wiki chache tu baada ya upasuaji, na familia inayoendelea kuzunguka ikitafuta fedha huupoteza muda huo.

Swali jingine ni kuhusu deksamethasoni. Dawa hii hupunguza maji yaliyojaa kuuzunguka uvimbe, na mgonjwa aliyekuwa hajijui huweza kuamka siku ya pili akaomba chai. Nyumba nzima hushangilia kwamba amepona, na wapo wanaoacha matibabu hapo. Kilichopungua ni maji. Na dawa yenyewe haiachwi ghafla bila daktari.

Kuhusu dalili, nitaje ile tunayoipuuza zaidi. Mtu mzima ambaye hajawahi kuanguka kifafa, akianguka kwa mara ya kwanza, anahitaji picha ya kichwa. Vivyo hivyo anayebadilika tabia ghafla, anayekosa maneno aliyoyazoea, anayelegea upande mmoja, au mwenye maumivu ya kichwa yanayozidi wiki hadi wiki na kumtapisha asubuhi. Wengi wao hawatakutwa na saratani, alhamdulillah. Hapa kwetu mtu wa namna hii hupelekwa kwanza kwa maalim, ikasemwa ni jini, na miezi ikapita. Kisomo hakina ubaya, na sijapata kusikia daktari akikikataza. Asomewe, na wiki hiyohiyo apigwe picha.

Na kwa wale ambao ugonjwa umesharudi, Mombasa ina Coast Hospice, na hospitali kubwa zina vitengo vya kutuliza maumivu. Huduma hiyo haingoji siku za mwisho. Yaweza kuanza pamoja na mionzi: dawa za kuzuia kifafa, za maumivu, za kumwezesha mgonjwa kulala, na mtu wa kumfundisha mkewe au binti yake jinsi ya kumgeuza kitandani bila kujiumiza mgongo.